Mzee Mreno Hakuvaa Kofia

Mzee huyu sitawaambia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Miaka yote niliyomjua alinieleza baba na babu za watu wengine, tena wafalme, na za kwake hakuzigusa. Nami naziacha hapo hapo alipoziacha. Nitaanza na kichwa chake, maana ndicho nilichokiona kwanza.

Kilikuwa kipara kitupu, chekundu kama nyanya, madoa ya jua yamekitapakaa. Nilikuwa nimefika Rosettenville kuulizia chumba cha uani, nimejitwika cherehani yangu tangu niliposhuka kwenye teksi. Mimi kichwani nina chuma kizima, yeye kichwani hana hata kitambaa, na jua la saa saba linatupiga wote wawili. Akafungua geti, akasema kwa Kiswahili, "Karibu mama. Tua mzigo, upumzike." Kidogo niiangushe cherehani. Mzungu wa Johannesburg, Kiswahili amekitoa wapi?

Alikitoa dukani. Kabla ya kukimbilia huku alikuwa na duka kaskazini mwa Msumbiji, na wateja wake ndio waliomfundisha. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, cha adabu, cha zamani. Changu ni cha kwetu Uvira, tunakisukuma kama mkokoteni.

"Mzee," nilimwambia, "wewe unaongea kama barua."

"Na wewe, Mama Fundi, unaongea kama unagombana na kuku."

Tukaelewana tangu siku hiyo. Yeye aliniita Mama Fundi, mimi nilimwita Mzee, na mtaa mzima ulimwita Mfalme, kwa kumcheka.

Walimwita hivyo kwa sababu ya ukoo wa Braganza. Hao ndio wafalme wa mwisho wa Wareno, na Mzee aliwajua wote kama mimi ninavyowajua wajukuu zangu. Wajukuu ninao saba, warefu, wazuri, mmoja yuko chuo kikuu anasomea madawa, wakati mimi shule niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo mtu akitaja wa kwake kwa majivuno namtambua haraka. Mzee aliwataja wafalme hivyo hivyo. Akimwagilia mzabibu wake anataja. Akimenya viazi anataja. Huyu alimzaa huyu. Huyu alijenga kanisa kubwa mpaka hazina ikakauka. Huyu alikuwa mnene, anatembea na vipande vya kuku mfukoni. Nimekaa na cherehani yangu chini ya dirisha la jiko lake, miguu inakanyaga, masikio yanasikia, na baada ya muda nikawa naweza kumkumbusha akisahau.

Niliwahi kumwuliza kama yeye ni damu yao, maana mtaani walisema hivyo.

"Mimi?" akasema. "Mimi ni muuza chumvi na vitambaa."

Lakini alisema akiwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki kama anachorwa picha, na hakunitazama. Jibu sikulipata zaidi ya hapo, na sitalitunga.

Habari ya kichwa wazi ilianza na mfalme wa kwanza wa ukoo. Mzee alinieleza kwamba huyo aliinyang'anya nchi kutoka mikononi mwa Wahispania, na kwa shukrani akalitoa taji lake akampa Bikira Maria, awe yeye ndiye malkia. Tangu hapo hakuna mfalme wao aliyeliweka taji kichwani. Wakichorwa, taji linakaa pembeni juu ya takia, na mfalme kichwa wazi. Mpaka wa mwisho wao. Basi na Mzee naye, muuza chumvi na vitambaa, hakuvaa kofia. Hakusema kwamba ni kwa sababu hiyo. Ungemwuliza angekwambia kofia zinamwasha.

Jua la huku juu si la mchezo. Siku moja daktari wa ngozi alimchuna utosini, akamwonya: kofia, la sivyo jua litakumaliza. Mzee akarudi na bandeji, juu ya bandeji hakuna kitu. Nikakasirika. Nilichukua kitambaa kizito cha kaki, nikakitia bitana ya pamba, ukingo mpana wa kufunika mpaka shingo. Kipimo nilichukua kwa macho, na macho yangu kwenye vichwa hayakosei, nimewashonea kina mama wa kanisa letu zima la Yeoville. Nikampelekea. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akakagua mishono kama mtu aliyewahi kuuza vitambaa. "Kazi safi," akasema, akaingia nayo ndani.

Kesho yake napita sebuleni kwake kuchukua mkasi niliouacha, naona nini? Kofia yangu iko juu ya stuli, juu ya takia jekundu la mahameli, na Mzee amekaa kando yake kichwa wazi anakunywa kahawa.

"Mzee! Hiyo nimeshona ya kichwa, si ya takia!"

"Imekaa vizuri, Mama Fundi. Itazame mwenyewe."

Eish! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikanuna siku nzima, nikimpita simsalimii. Na kusema kweli ilikuwa imekaa vizuri.

Mvua ya mawe ikija, ile ya alasiri inayopiga mabati kama watu wanaturushia, Mzee alitoka kuufunika mzabibu wake kwa gunia. Alijali zabibu kuliko fuvu. Mara moja nilimkimbilia na beseni la kufulia nikamfunika nalo. Tulisimama wote wawili chini ya beseni, mawe yanalia juu yetu kwangala kwangala, mimi namfokea.

"Beseni unakubali, kofia hukubali?"

"Beseni si kofia," akasema, na alikuwa hatanii.

Mwendo wake nao ulikuwa na habari yake. Alitembea taratibu hata pale ambapo mtu mwenye akili hukazana. Kwenye robot, ndizo taa za barabara kubwa, imegeuka nyekundu yuko katikati, madereva wa teksi wanapiga honi na kumtukania mama, yeye analeta mguu mmoja, halafu wa pili. Nilimvuta mkono. Akaniambia kwamba zamani jeshi la Wafaransa lilipokaribia, ukoo wote wa kifalme ulipakiwa melini kwenda Brazili, na malkia mzee aliyeharibika akili alimkaripia mwendesha farasi apunguze mwendo, watu wasije wakadhani wanakimbia.

"Na walikuwa wanakimbia," nikasema.

"Walikuwa wanakimbia sana," akasema Mzee.

Tukafika upande wa pili. Akanieleza, akipumua, jinsi yeye alivyotoka Msumbiji: sanduku moja, mkewe, mtoto wa kike mgongoni, duka limeachwa na mlango wazi. Hawakupunguza mwendo. Na mimi nikamweleza ya kwetu, tulivyovuka ziwa na watoto, nikiwa na kiatu kimoja. Hakuna mfalme aliyetutia hesabuni. Tukasimama pale kwenye spaza, kiduka cha mtaani, tukanunua mkate, tukarudi nyumbani polepole. Tangu siku hiyo sikumvuta mkono tena, nikawa nawatukania madereva mama zao kwa niaba yake.

Msidhani nilikuwa namkubalia kila kitu. Siku moja nilisimamisha cherehani.

"Mzee, hawa wafalme wako si ndio waliopakia watu weusi melini wakawauza?"

"Ndio hao."

"Huyo mwenye kanisa kubwa?"

"Hasa huyo."

"Halafu unawaombea?"

Alimaliza kiazi alichokuwa anamenya, akakitia majini. Akasema, "Mama Fundi, kwani wanaoombewa ni watu wazuri?"

Nikarudi kukanyaga cherehani. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo nikiitafuta.

Kuwaombea huko ndiko kulikokuwa shida kati yetu. Mwezi wa pili kila mwaka, siku yake ikifika, Mzee alisomesha misa. Siku hiyo, zamani, mfalme wa Wareno alikuwa anarudi mjini na mkewe na watoto wake wawili, wamekaa kwenye gari la farasi lililo wazi, watu wakawapiga risasi. Mfalme akafa, na mwanawe mkubwa akafa. Malkia hakuwa na silaha, alikuwa na maua tu aliyopewa, akasimama akawapiga wauaji kwa maua hayo. Mtoto mdogo akabaki, akawa mfalme, akafukuzwa, akafia Uingereza bila mtoto. Tawi lingine la ukoo, lililokuwa limefukuzwa zamani kwa ugomvi wa ndugu wawili, ndilo linalojiita warithi hadi leo. Wazee wa Kireno kwenye mkahawa wa Rosettenville waligombana juu ya hilo mpaka vikombe vikaanguka. Mzee akisema, "Na baada ya hapo, nani?" sauti yake ilishuka kama mtu anayechungulia kisimani.

Siku ya misa nilimpigia pasi suti nyeusi. Maua alibeba mwenyewe, kwa ajili ya yule malkia. Nilimsindikiza mpaka mlangoni mwa kanisa, halafu mimi nilikaa nje juu ya ukuta mfupi, na mkoba wangu mapajani. Ndani siingii. Mchungaji wetu wa Yeoville ametufundisha kwamba misa ya wafu si yetu, na hata bila mchungaji, mimi kuwaingilia kanisani wauza watu? Hapana. Akitoka nilimwuliza, "Nani alikuja?" Naye alinitajia. Mwaka wa kwanza majina yalitosha kutufikisha nyumbani. Wazee wa masharubu, kina mama wa vitambaa vyeusi vya wavu. Halafu mmoja akafa, mwingine akarudi Ureno, mwingine akachukuliwa na watoto Australia. Ikafika mwaka nimemwuliza nani alikuja, akasema, "Mwenye duka la mikate." Na mwaka uliofuata akasema, "Mimi."

Tulitembea. Karibu na nyumbani akasimama.

"Nikifa mimi, padre atavisomea viti vitupu."

"Usiseme hivyo, Mzee."

"Ingia siku moja, Mama Fundi. Usiombe. Ukae tu. Mtu awepo."

"Mzee, hilo usiniombe."

Hakuniomba tena. Alikuwa mtu wa heshima. Lakini kila mwaka, akifika mlangoni, aliushikilia mlango wazi kidogo kabla ya kuingia, kama mtu anayemsubiri mwenzake afunge kamba ya kiatu.

Mtasema, binti yake je? Binti anaishi Kensington, anafanya kazi ofisini, na si mtu mbaya, wala nisisikie mtu akisema ni mbaya. Jumapili alileta chakula kwenye vibakuli vya plastiki, akafua pazia, akapanga dawa. Mzee alimsemesha Kireno, yeye akajibu Kiingereza. Mzee akianza kutaja wafalme, binti alifungua friji akaanza kupanga vibakuli, hata kama vimeshapangwa. Nilikuwa namhukumu, mpaka Jumapili moja wajukuu zangu wakaja. Nimewapikia sombe, majani ya muhogo, na samaki, nimewakalisha, nikasema leo nitawataja baba zangu, mmoja baada ya mwingine, nyie mfuatishe. Nimefika kwa babu yangu, yule mkubwa wa chuo kikuu akaniambia kwa Kiingereza chake, "Gogo, we love you, but please." Gogo ni bibi kwa lugha ya huku: bibi tunakupenda, ila tuhurumie. Wengine walikuwa kwenye simu. Baba yangu mzazi hawamjui jina. Kwenye dirisha la jiko lake nikamwona Mzee anamenya viazi, ameinamisha kichwa ili nisijue kwamba amesikia.

Jioni alikuja mlangoni kwangu na zabibu kwenye bakuli. "Babu yako yule mvuvi," akasema, "baba yake alikuwa nani? Hukumalizia." Nikamtajia wote mpaka mwisho. Akawarudia vile vile, na hakukosea hata mmoja. Katika jiji hili lote, hata sasa, mtu pekee aliyewahi kuwarudia baba zangu kwa majina ni Mreno mwenye kipara.

Halafu akaanguka bafuni. Nyonga. Binti akampeleka kwenye nyumba ya wazee kule Kensington, karibu na kwake, na nyumba ya Rosettenville ikapangishwa watu wengine. Mimi nilibaki uani na cherehani. Wapangaji wapya ni watu wazuri, wana muziki. Mzabibu hawaumwagilii, naumwagilia mimi. Nilikuwa namwendea Mzee nikipata nafasi. Siku nyingine alinijua, siku nyingine aliniongelesha Kireno nikawa naitikia tu. Lile takia jekundu lilikwenda naye, na kofia juu yake. Muuguzi, mama mmoja wa Soweto, alikuwa anapigana naye kila siku: "Gogo, mwambie avae! Anatolewa nje anakaa juani, kofia inakaa kivulini!"

Mwezi wa pili ukaja. Nikampigia binti simu. Akasema misa alikwisha kuiandikisha baba yake kabla hajaanguka, lakini ni siku ya kazi, hawezi. Halafu akasema, "Kwani nani ataenda, Mama?" Aliuliza kama anauliza kweli.

Mchungaji sikumwuliza, maana jibu lake nalijua. Nilivaa kitenge changu cha sikukuu na kilemba. Kwenye robot kuna kijana anauza maua kwa madereva, nikanunua shada. Nikafika kwenye ule ukuta mfupi. Nikaupita.

Kanisa lilikuwa limefagiliwa, mishumaa imewashwa, mabenchi yote matupu. Nilikwenda mpaka mbele kabisa, nikakaa, maua mapajani. Padre akatoka, kijana, akatazama mabenchi, akanitazama mimi na kilemba changu. Akanisogelea, akaniuliza kwa upole, "Mama, umekuja kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu, "Mfalme."

Akarudi akaanza. Sikuomba. Sikupiga magoti, goti langu lenyewe halikunji. Nilikaa. Alipofika kwenye majina niliyajua kabla hajayataja, la mfalme na la mwanawe, na moja alilitamka vibaya nikakohoa. Baada ya hapo nikaacha maua kwenye benchi nikatoka, nikapanda teksi ya mjini, nikapanda nyingine ya Kensington.

Mzee alikuwa bustanini, kwenye kiti cha magurudumu, juani, kichwa wazi. Kiti cha pembeni kilikuwa na takia na kofia. Alikuwa amekonda, shingo imebaki nyembamba kama ya kifaranga. Nikavuta stuli nikakaa. Nilidhani ni siku ya Kireno. Akanitazama kilemba, akanitazama viatu vyangu vya kanisani.

"Nani alikuja?" akasema.

"Mimi."

"Ukakaa nje."

"Ndani, Mzee. Benchi la mbele."

"Uliomba?"

"Sikuomba. Nilikaa."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama anapokea chenji na imetimia. "Na nani mwingine?"

Ningeweza kumjazia kanisa. Masharubu, vitambaa vyeusi, mwenye mikate, wote ningewafufua. Nikasema, "Hakuna mwingine, Mzee. Mimi peke yangu."

Ndege wakubwa wale wa kelele wakapita juu ya paa. Nilidhani nimemwumiza. Halafu akanyoosha mkono kuelekea takia.

"Jua kali leo, Mama Fundi," akasema. "Nivalishe."

Nikaitoa kofia kwenye takia. Ilikuwa bado mpya, imefifia upande mmoja tu ulioelekea dirisha. Nikamvika. Na ile kofia niliyoipima kwa macho yasiyokosea ikamshuka mpaka kwenye nyusi, maana kichwa chenyewe kilikuwa kimepungua.

"Ngoja," nikasema. "Wiki ijayo nakuja na sindano naipunguza."

Nikachomoa pini mbili kwenye kola ya gauni langu la kitenge, siku zote natembea nazo, nikaibana kofia nyuma kwa mkunjo. Nikamwambia, "Sasa usiegemee, Mzee, zitakuchoma."

Akasema, "Siegemei."

Nilikwenda polepole, si kwa kupenda, ni goti. Nilipofika getini nikageuka. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo, mdomo wazi. Mzee alikuwa bado amekaa wima.